Mkabidhini mwalimu mwanafunzi funguo za maabara

Kila mwaka msimu wa BTP, yaani mazoezi ya kufundisha ya wanachuo wa ualimu, ukifika, shule za sekondari za Tanzania hupokea walimu wanafunzi waliovaa mashati yaliyonyooshwa na kubeba maandalio ya somo yaliyonyooka zaidi. Wanapangiwa vipindi, wanapewa chaki na nakala ya ratiba. Siku moja mkufunzi wa chuo chao anafika, anakaa kiti cha nyuma na kujaza fomu yake: utangulizi upo, sauti inasikika, ubao umegawanywa vizuri, hitimisho limefanyika. Akishaondoka, mwanachuo anashusha pumzi. Wiki sita au nane zikiisha anarudi chuoni na alama nzuri, na yawezekana kabisa hajawahi kufungua kabati la kemikali.

Hapo ndipo tunapoupoteza uongozi wa mwalimu wa sayansi. Tumezoea kuuweka uongozi kwenye kozi ya semista moja yenye nadharia za utawala, au kwenye semina ya siku mbili ya wakuu wa idara. Lakini anayeajiriwa kufundisha fizikia katika shule ya kata mara nyingi hukuta yeye ndiye idara nzima. Ndani ya mwaka wa kwanza atapanga zamu za maabara, ataandika maombi ya vifaa, atabishana na mtaaluma, mwalimu anayepanga ratiba, kuhusu vipindi viwili vinavyofuatana, na atapokea maelekezo ya Baraza la Mitihani yanayofika saa 24 kabla ya mtihani wa vitendo yakimwambia aandae nini. Mambo hayo hayamo kwenye fomu ya mkufunzi. Yote yamo maabara, na njia ya kuyafundisha ni kumkabidhi mtu maabara angali ana wa kumshika mkono.

Nchi yetu imewahi kulishughulikia tatizo hili kwa majengo, na imewahi kulishughulikia kwa idadi ya watu. Mwaka 2012 Rais Jakaya Kikwete aliagiza kila sekondari ya kata iwe na maabara tatu, za fizikia, kemia na baiolojia. Michango ilikusanywa, wakuu wa wilaya walihaha na kuta zikainuka. Kisha mwaka 2014 Chuo Kikuu cha Dodoma kilianza kupokea vijana wa stashahada maalumu ya ualimu wa sayansi na hisabati waliotoka moja kwa moja kidato cha nne, na Mei 2016 zaidi ya 7,000 kati yao walirudishwa nyumbani. Kila mtu ana lake la kusema kuhusu uamuzi ule. Kwa mada hii inatosha kusema kwamba jengo halifundishi, na wingi wa wanachuo hauna maana kama hakuna wa kusimama nao kwenye meza ya majaribio. Wahenga walisema nyumba njema si mlango. Kuna maabara ambazo ukifungua mlango unakuta viti vya darasa vilivyovunjika na magunia ya mahindi ya wanafunzi.

Tuchukue jambo moja la kawaida kabisa, titresheni ya kidato cha nne, yaani kupima ni kiasi gani cha asidi kinachomaliza nguvu ya besi, tuone uongozi unaingilia wapi.

Darasa lina wanafunzi 80. Kuna bureti 10, zile neli ndefu zenye vipimo na koki. Kipindi ni cha dakika 80, yaani vipindi viwili vya dakika 40 vilivyounganishwa, kama mtaaluma alikubali kuviunganisha. Mwanachuo asiyewahi kuendesha praktiko, yaani somo la vitendo, ataingiza wote 80 kwa pamoja, wanane kwa kila bureti. Wawili watafanya kazi, wawili watatazama, wanne watapiga soga. Aliyefunzwa atagawa darasa zamu mbili za watu 40, wanne kwa bureti. Kundi la wanne lina faida isiyoonekana haraka: titresheni ina mzunguko wa kwanza wa kukadiria na mitatu ya kweli, jumla minne, na kazi ni nne vilevile: wa kushika koki ya bureti, wa kutikisa chupa, wa kusoma kipimo na wa kuandika. Kila mzunguko ukiisha watu wanabadilishana nafasi, na mwisho wa praktiko kila mmoja ameshika kila kazi. Hakuna wa kubaki mwandishi milele kwa sababu ana mwandiko mzuri, wala msichana wa kubaki muosha vyombo.

Je, wale 40 waliobaki nje wafanye nini? Hili ndilo swali la uongozi, na mwanachuo anatakiwa awe na jibu kabla ya siku yenyewe: wapewe data za titresheni iliyokwisha kufanyika wakokotoe, chini ya mwanachuo mwenzake, halafu wabadilishane siku ya pili. Ndiyo maana wanachuo wa sayansi wapelekwe wawiliwawili katika shule moja, si kutawanywa mmoja mmoja ili kuziba mapengo ya walimu.

Sasa tuje kwenye kemikali, mahali ambapo walimu wengi huishia kulalamika. Kundi moja hutumia takriban mililita 150 za asidi na kiasi hichohicho cha besi, ukijumlisha na za kusuuzia vyombo. Makundi 20 katika zamu mbili ni lita 3. Ukitaka praktiko tatu kama hiyo kabla ya mtihani, ni lita 9. Asidi ya haidrokloriki ya dukani, ile yenye nguvu ya asilimia 36 hivi, unahitaji mililita 8.6 tu kutengeneza lita moja ya 0.1 M, yaani iliyozimuliwa hadi moli 0.1 kwa lita. Kwa lita 9 ni mililita 77 hivi. Chupa moja ya lita 2.5 inatoa zaidi ya lita 280 za namna hiyo. Sodiamu haidroksaidi ni gramu 4 kwa lita, kwa hiyo lita 9 ni gramu 36, na kopo la gramu 500 linakwenda hadi lita 125.

Hesabu hiyo inachukua dakika tano, na inageuza mazungumzo yote na mkuu wa shule. Barua inayosema “tunaomba kemikali kwa kuwa zimepungua” hutupwa kwenye trei pamoja na nyingine. Ukurasa mmoja unaosema asidi iliyopo inatosha miaka kadhaa, kinachokwamisha ni bureti kuwa 10 tu, na kwamba kwa bei ya duka la vifaa vya maabara shule ikinunua tano mwaka huu na tano mwakani kila kundi litakuwa la watu wanne bila zamu ya pili, huo hujadiliwa. Huenda fedha zisipatikane vilevile. Lakini mkuu wa shule atakuwa amejua kwamba ana mwalimu anayejua anachokitaka, na hilo huja kulipa siku nyingine. Mwanachuo aliyemaliza BTP bila kuandika ombi moja la vifaa lenye kiasi, bei na tarehe ya matumizi amekosa zoezi muhimu la uongozi kuliko insha yoyote.

Jambo jingine lisilopimwa ni jaribio la awali. Praktiko yoyote ifanywe na mwalimu mwenyewe kabla ya wanafunzi, kwa kemikali zilezile, maji yaleyale na saa ileile mkononi. Ni kazi ya saa moja jioni, na ndiyo inayookoa. Sodiamu haidroksaidi ikikaa wazi hunyonya unyevu na hewa ya kaboni dayoksaidi, kwa hiyo gramu 4 ulizopima kutoka kopo la zamani si gramu 4 za kweli, na wanafunzi wote watapata majibu ya chini. Maji ya kisima yenye chumvi nyingi yakitumika kuyeyushia, mchanganyiko huo huingia ukungu mweupe, maana kalsiamu na magnesiamu zinatuama. Maji ya mvua yaliyokingwa kwa chombo safi yanafaa zaidi kuliko ya bomba katika maeneo hayo. Ukiligundua hilo jioni, unabadilisha maji. Ukiligundua saa nne asubuhi mbele ya watu 80, unaanza kutoa visingizio, na darasa hujua.

Faida kubwa zaidi ya jaribio la awali ni kumfundisha mwalimu kusoma makosa. Hapa pendulamu ni mwalimu mzuri kuliko wote, tena gharama yake ni uzi na jiwe. Wanafunzi wanapima muda wa mizunguko 20 kwa urefu tofauti, wanachora grafu ya mraba wa muda dhidi ya urefu, wanatafuta mteremko na kupata g, mchapuko wa mvutano wa dunia. Kuna kosa ambalo hutokea karibu kila darasa: mwenye saa anabonyeza, mwenzake anasema “moja” palepale jiwe linapoachiwa. Akifika “ishirini” mizunguko iliyopita ni 19. Kwa uzi wa sentimita 50, muda wa kweli wa mizunguko 20 ni sekunde 28.4, wao wanaandika 27.0. Wakikokotoa wanapata g ya 10.9 hivi badala ya 9.8. Ubaya wake ni kwamba grafu inatoka safi kabisa, mstari umenyooka na unapita kwenye asili, pale mihimili inapokutana, kwa sababu kila nukta imekosewa kwa uwiano uleule. Anayesahihisha kwa kuangalia unyoofu wa mstari atatoa alama zote.

Kosa la pili hufanana nalo lakini lina sura tofauti: kupima urefu hadi juu ya jiwe badala ya katikati yake. Hapo mteremko hautikisiki, g inatoka sawasawa, ila mstari haupiti kwenye asili. Mwalimu anayejua alama za makosa haya mawili hahitaji kumuuliza mwanafunzi alifanya nini. Anaiona namba, anasema, “Hebu hesabu tena kwa sauti, ukianzia sifuri.” Ujuzi huo haupatikani kwenye kitabu cha mbinu za kufundishia. Unapatikana kwa kukosea kwa makusudi: mkufunzi awape wanachuo kazi ya kufanya jaribio kwa kosa lililopangwa na kuona linaacha alama gani kwenye matokeo. Kwenye titresheni wakoseshe vivyo hivyo. Waache kiputo cha hewa chini ya koki ya bureti, waone usomaji wa kwanza unavyokuwa mkubwa kisha mingine inakaa sawa. Wasuuze chupa ya koni kwa besi badala ya maji, waone majibu yanavyopanda na kutawanyika. Wiki moja ya makosa ya makusudi chuoni ingefaa kuliko majaribio kumi yaliyofanywa kwa usahihi wa kunakili.

Halafu kuna namba inayotoka kinyume na kitabu ilhali hakuna aliyekosea. Historia yetu ina mfano ambao kila chuo cha ualimu wa sayansi kingepaswa kuufundisha wiki ya kwanza. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, akiwa mwanafunzi wa Sekondari ya Magamba, alikuwa na wenzake wakitengeneza ayiskrimu. Akaogopa kukosa nafasi kwenye friza, akauweka mchanganyiko wake ungali wa moto. Ukaganda kabla ya ule wa mwenzake ambao haukuwa umechemshwa. Alipokuja kuuliza Mkwawa, Iringa, mwalimu wake alimjibu kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya dunia, na darasa likalishika neno hilo kumkejeli. Denis Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alipofika shuleni hapo kuzungumza, kijana akauliza tena mbele ya wote. Wenzake wakacheka. Osborne naye alikuwa na mashaka, lakini aliahidi kujaribu, akamwachia kazi fundi wa maabara. Fundi akaripoti kwamba kweli maji ya moto yaliganda kwanza, akaongeza kwamba wataendelea kurudia hadi wapate jibu sahihi. Makala ya Mpemba na Osborne ilichapishwa 1969, na hadi leo wanafizikia wanabishana juu ya jambo hilo, wengine wakishindwa kabisa kulipata wanapolirudia.

Watu husimulia kisa hiki kumsifu kijana, na anastahili. Kwa anayeandaa walimu, wa kutazamwa ni wale watu wazima watatu. Mwalimu alikuwa na swali na friza karibu, akachagua kejeli. Fundi aliona tokeo akaliita kosa kwa kuwa halikulingana na kitabu. Osborne hakujua jibu, akasema tutajaribu. Yupi kati yao ndiye mwanachuo wetu anayejaziwa fomu leo? Kwa jinsi fomu ilivyo, mwanafunzi akiuliza swali lisilo kwenye andalio huku mkufunzi amekaa nyuma, kila kitu kinamsukuma mwanachuo aseme “tutalijadili kipindi kijacho” ili awahi hitimisho. Anapata alama ya kutunza muda. Kwenye fomu mpya pawepo sehemu moja tu ya ziada: mwanafunzi alileta nini ambacho mwalimu hakukitarajia, na mwalimu alikifanyia nini?

Mambo ya lugha tunayapita haraka mno. Mtoto amesoma msingi kwa Kiswahili, anaingia kidato cha kwanza masomo yakawa kwa Kiingereza, na mwanachuo ameambiwa asichanganye. Basi anachanganya kwa siri, bila mpango, na ndipo madhara yanapoingia. Kiswahili cha mtaani kina neno joto kwa mambo mawili ambayo fizikia inayatenganisha, na chombo chenyewe tunakiita kipimajoto ilhali kinachopima ni halijoto. Tunasema uzito wangu kilo 60, wakati kilo 60 ni tungamo na uzito wake duniani ni karibu nyutoni 600. Nguvu ni ya misuli, ya umeme, ya betri na ya kusukuma gari, na mwanafunzi anatakiwa azitenganishe kani, nguvu na nishati. Hatari kubwa iko kwenye kemia: “asidi kali” hutumika kwa asidi inayoachia ioni zake zote na kwa asidi ambayo haijazimuliwa. Mwanafunzi akiambiwa asidi ya siki si kali, anaweza kuishika ile ya maabara yenye nguvu ya karibu asilimia 100 akadhani ni ya kachumbari. Inaunguza ngozi.

Kwa hiyo andalio la somo la sayansi liwe na mstari mmoja usiotakiwa na mdhibiti ubora yeyote: maneno gani ya leo yana maana mbili nyumbani, na nitayatenganisha kwa jaribio gani. Maji ya ndoo na maji ya kikombe kutoka sufuria moja, halijoto ileile, joto tofauti. Dakika nne zinatosha. Mwalimu anayeamua wazi lini atatumia Kiswahili na kwa kazi gani anaongoza darasa lake. Anayeteleza ndani na nje ya Kiswahili kwa kuona haya anaongozwa nalo.

Vyuoni kwenyewe tunatumia sana ufundishaji kiduchu, mwanachuo mmoja mbele ya wenzake kwa dakika 10 au 15. Ni zoezi zuri la kuzoea sauti yako, basi. Wanaojifanya wanafunzi wa kidato cha pili wana alama za kidato cha sita. Hawakosei mahali watoto wanapokosea, hawamwagi, hawaogopi moto. Hapa kuna jambo la kujifunza kutoka University of Colorado Boulder, ambako tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 wanafunzi wa shahada ya kwanza huchukuliwa kuwa wasaidizi wa kujifunza katika masomo ya mwaka wa kwanza. Msaidizi hukutana na mhadhiri kila wiki kuliandaa somo lijalo, huongoza makundi madogo ya wanafunzi halisi waliokwama kweli, na husoma kozi fupi ya namna watu wanavyojifunza. Vitatu hivyo hufanyika kwa wakati mmoja. Ukiondoa kimoja inabaki kazi ya kusahihisha.

Hapa kwetu hatuhitaji mradi wa wafadhili kufanya hivyo. Duce na Mkwawa, vyuo vikuu vishiriki vya elimu vya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wana wanafunzi wa mwaka wa tatu wa ualimu wa sayansi na wana maabara za mwaka wa kwanza zenye msongamano. Wa mwaka wa tatu huingia humo wakiwa wanafunzi, hufanya praktiko zao na kutoka. Wakiingia kusimamia meza moja kila mmoja, kwa saa mbili za wiki, mwaka mzima, watakutana na makosa ya kweli ya watu wa kweli kabla ya kukutana na watoto. Hoja ya wahadhiri kwamba watafundisha vibaya ina ukweli, na dawa yake ni kile kikao cha kila wiki. Bila kikao, hoja yao inashinda.

Turudi kwenye BTP. Wiki ya kwanza mwanachuo asifundishe kabisa. Ahesabu stoo. Afungue daftari lenye tarehe, kilichoingia, kilichotoka na kilichobaki, ahakiki chupa kwa chupa akiwa na fundi sanifu wa maabara, au na mwalimu wa somo pale ambapo fundi sanifu hayupo, yaani shule nyingi. Atakuta chupa zisizo na lebo. Hizo hazinuswi, hazijaribiwi, hazimwagwi kwenye sinki; zinatengwa, zinaandikwa, mkuu wa idara anaarifiwa kwa maandishi. Atakuta kemikali zimepangwa kwa alfabeti kwa kuwa inapendeza macho, asidi ya nitriki imekaa rafu moja na vitu vinavyowaka. Azipange upya kwa hatari zake: vinavyowaka mbali na vinavyochochea moto, asidi rafu ya chini kabisa, chini ya usawa wa macho ya mtu mfupi kuliko wote.

Wiki ya pili asimamie meza moja tu wakati mwalimu mwenyeji anaendesha praktiko. Ya tatu aandae mchanganyiko na jaribio la awali, mwenyeji ahakiki, kisha mwenyeji aendeshe. Kuanzia ya nne aendeshe mwenyewe, mwanachuo mwenzake akiwa na karatasi nyuma. Huyo wa nyuma asimtazame mwalimu. Awatazame wanafunzi wanne aliowachagua tangu mwanzo na kuandika walichofanya dakika kwa dakika, kama Wajapani wanavyofanya katika uchunguzi wao wa masomo. “Sauti yako ilikuwa nzuri” haimsaidii mtu. “Yule wa dirishani hakushika bureti hata mara moja, na wewe ulipita kwake mara tatu” humfanya mtu abadilike siku ya pili yake. Wiki ya mwisho aitishe kikao kifupi cha idara, hata kama idara ni watu wawili, awasilishe makosa matano aliyoyaona yakijirudia na aache faili lenye mapishi ya michanganyiko, matokeo ya majaribio ya awali na orodha ya stoo. Shule nyingi zina jumuiya za kujifunza za MEWAKA (mafunzo endelevu ya walimu kazini) ambazo hukosa ajenda. Ajenda ndiyo hiyo.

Yapo mambo yatakayoharibu mpango huu, na ni afadhali kuyataja mapema. La kwanza ni mkuu wa shule asiye na mwalimu wa fizikia kumpa mwanachuo vipindi 28 siku anayoshuka kwenye basi. Mtu mwenye vipindi 28 hawezi kufanya jaribio la awali la chochote. Barua ya chuo iweke kikomo, tuseme vipindi 12, na chuo kiwe tayari kumhamisha mwanachuo kikomo kikivunjwa. La pili ni mwalimu mwenyeji anayemwona mwanachuo kama likizo yake. Huyu halaumiki sana, kwani hapati chochote kwa kumlea kijana, wala saa ya kupunguziwa ratiba wala neno kwenye tathmini yake ya utendaji. Kenya walikutana na jambo la jirani na hili. Mpango wao wa kuimarisha hisabati na sayansi, ulioanza 1998 katika wilaya tisa kwa ushirikiano na Japani, uliwafundisha walimu walio kazini kwa kushuka ngazi, wa taifa wakifundisha wa wilaya, wa wilaya wakifundisha walimu. Mafunzo ya kushuka ngazi yana tabia ya uji: kila anayepokea anaongeza maji. Malezi ya BTP yasiachiwe ngazi. Mkufunzi afike mwanzoni kukaa na mwenyeji nusu siku maabara, kabla hajafika na fomu.

La tatu ni ajali, na ndiyo sababu halisi ya wakuu wengi kushikilia funguo. Wana haki ya kuogopa. Jaribio la kupima wanga kwenye jani linahitaji kuchemsha jani kwenye spiriti, na spiriti huchemka kwa nyuzi 78 tu na mvuke wake hudaka moto kutoka mbali. Utaratibu ni mmoja: chemsha maji kwanza, zima moto kabisa, ndipo uitumbukize neli yenye spiriti kwenye maji hayo ya moto. Anayeweka spiriti juu ya jiko la mkaa kwa sababu ana haraka ndiye anayewafungia wenzake maabara kwa miaka kumi. Kwa hiyo kabla ya kukabidhiwa ufunguo, mwanachuo afanye mtihani mfupi mbele ya mwenyeji, kwa mikono, si kwa karatasi: azimue asidi ya salfuriki kwa kuimimina asidi kwenye maji na si kinyume chake, aoneshe ndoo yenye koki iko wapi na kwamba ina maji, aoshe jicho la kujifanya kwa dakika 15 kamili akiangalia saa. Dakika 15 ni ndefu sana ukizihesabu. Wengi huacha ya tatu.

Akifaulu, asaini kwenye daftari la stoo: jina, tarehe, idadi ya funguo. BTP ikiangukia Julai na Agosti, kidato cha nne huwa wanajiandaa na moko, mitihani ya majaribio, na praktiko za moko zinahitaji mtu wa kuziandaa jioni.